Keki ya Tanga ilivyonigomea Mbeya

Keki ya kwanza niliyooka Mbeya ilipanda kuliko keki zote nilizowahi kuoka. Dakika ya 20 hivi nilichungulia kwenye kioo cha oveni nikaona imevimba mpaka inataka kutoka kwenye tini, nikafurahi peke yangu pale jikoni nikasema kumbe hii oveni mpya ni nzuri kiasi hiki. Dakika ya 30 nikachungulia tena, katikati pameshaanza kuingia ndani. Nilivyoitoa ilikuwa kama bakuli, kingo zimesimama, katikati imedidimia, na ukikata pale chini unakuta tope tamu linanata kwenye kisu. Ilikuwa keki ya birthday ya mwanangu anatimiza miaka 3, mwaka 2017, wageni wanakuja saa kumi na saa hiyo ni saa saba na nusu.

Nikaoka ya pili haraka haraka, vipimo vilevile maana nilijua labda nimekosea kitu. Nayo ikafanya vilevile. Wageni walikula ile ya pili, nilijaza krimu pale kwenye shimo, watoto hawakujali kabisa ila mimi iliniuma sana, maana kuoka ndo kitu pekee ambacho nilikuwa na uhakika nacho toka nikiwa darasa la tano.

Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia Ngamiani kwa shangazi yangu dada yake baba. Shangazi alikuwa anaoka za watu, keki za maulidi na za shughuli, mkate wa mayai, mkate wa kumimina, vileja, ukifika mwezi wa Ramadhani nyumba nzima inanuka iliki kuanzia saa nane mchana mpaka adhana ya magharibi. Na oveni hakuwa nayo. Alikuwa na jiko la mkaa, sufuria moja kubwa nzito ambayo ndani chini aliweka mchanga mkavu, tini ya keki inakaa juu ya mchanga, na mfuniko bapa ambao juu yake anapalia makaa. Kupalia ndo neno letu, hata wali wa nazi unapaliwa, ila kwenye wali makaa ya juu ni machache tu ya kuukausha, kwenye keki ni kinyume, ya juu yanakuwa mengi kuliko ya chini. Moto wa chini wote unapanda kwenda kwenye keki, wa juu sehemu kubwa inapotelea hewani, kwahiyo ukiweka sawa kwa sawa unapata keki kitako kimeungua na uso mweupe. Alikuwa anapima kwa kiganja, anaweka mkono juu ya makaa anahesabu kimoyomoyo, akiutoa kabla ya tano anajua ni mkali, anachukua koleo anaondoa kaa moja. Kaa moja tu, alafu anapima tena. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kibao cha mbuzi pembeni yake nakuna nazi na kuangalia, nafikiri hapo ndo nilipojifunza kila kitu kabla sijashika hata mwiko.

Sasa baada ya ile birthday kuisha na vyombo vimeoshwa nikampigia.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu, haya keki ya mjukuu wangu imetokaje?”

Nikamsimulia. Akaanza kuniuliza moja moja kama daktari. Ulifungua mlango wa oveni kabla ya wakati? Sikufungua. Beking pauda ya lini? Nimefungua kopo leo. Mayai yalikuwa ya baridi? Yalikaa nje toka asubuhi. Siagi na sukari ulivipiga mpaka vikawa vyeupe? Vyeupe kabisa shangazi, kama ulivyonifundisha. Akanyamaza kidogo alafu akasema, “Basi sio mkono wako mwanangu. Waulize wenyeji wa huko wanaokaje.”

Na mwenyeji alikuwa nyuma ya ukuta tu. Jirani yetu ni mama wa Kinyakyusa mtu mzima, anaoka hafu keki na keki ndogo za vikombe anapeleka madukani Mwanjelwa. Nikaenda na kipande cha ile keki iliyodidimia kwenye sahani, sikuona haya maana nilishachoka. Akakibonyeza kwa kidole, akakinusa, akaniuliza nimeweka beking pauda vijiko vingapi, nikamwambia viwili, akasema, “Mwanangu nyie wa pwani mnaweka nyingi. Huku keki ina haraka, ukiisukuma inakimbia alafu inaanguka.” Yeye kwa unga kama wangu anaweka kijiko kimoja na kidogo, alifundishwa hivo na mama yake, sababu haijui wala hana haja nayo. Nilivyomshukuru kwa kilugha, ndaga, nilishajifunza hilo moja, akacheka akanipa na hafu keki mbili za watoto.

Mimi lakini nilitaka kujua kwanini, nikaanza kusoma usiku watoto wakilala. Na jibu ni zuri sana, ndo maana naandika yote haya.

Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Tanga tuko baharini kwenyewe. Huku juu hewa ni nyepesi, yani mgandamizo wa hewa unaokaa juu ya kila kitu ni mdogo. Beking pauda kazi yake ni kutoa gesi, ina soda ndani na kitu chenye uchachu, vikikutana na majimaji na joto vinatoa kaboni dayoksaidi, vipovu ndo vinainua keki. Kijiko kilekile cha beking pauda Tanga hewa nzito inakikandamiza kidogo, vipovu vinakua taratibu, na wakati vinakua mayai yanaganda na unga unaiva kuta zinashika. Mbeya hakuna wa kukandamiza, vipovu vinavimba upesi na kwa ukubwa, kuta zinavutika zinakuwa nyembamba zinapasuka kabla hazijaiva. Ndo ile keki ya dakika ya 20 iliyonifurahisha. Ilikuwa imepanda juu ya kuta mbichi.

Alafu kuna la maji. Tanga maji yanachemka kwenye nyuzi 100, Mbeya yanachemka kwenye kama nyuzi 94, ndo maana maharage ya huku yanamaliza mkaa. Kwenye keki maana yake ni kwamba maji yanaanza kutoka mapema, unyevu unakimbia, sukari inayobaki inakuwa imekolea zaidi, na sukari ikikolea inachelewesha mayai na unga kushika. Kwahiyo keki inapanda haraka na inaiva kwa kuchelewa, vyote viwili kwa mpigo. Nilivyoelewa hapo nilikaa kimya kwenye kiti nikaona kama mtu kaniwashia taa.

Vipimo vya shangazi vilikuwa robo kilo unga, robo kilo sukari, robo kilo Blue Band, mayai 5, beking pauda vijiko vidogo 2, iliki, na maziwa kidogo ya kulainisha. Nilijaribu nafikiri mara saba au nane mwaka ule mpaka nikapata vya hapa. Beking pauda nimeshusha mpaka kijiko kidogo 1 na nusu. Sukari nimetoa vijiko vikubwa 2, na hiyo hakuna mtu amewahi kugundua kwenye kula. Unga nimeongeza kijiko kikubwa kimoja kilichojaa, unasaidia kuta ziwe na nguvu. Maziwa nimeongeza vijiko vikubwa 3 kufidia unyevu unaokimbia. Na moto nimepandisha kidogo, kama Tanga ungeoka kwa 180 huku weka 190, ili uso na kuta zishike mapema kabla vipovu havijavimba sana, ila uiangalie maana inaweza kuiva dakika kadhaa kabla ya muda uliozoea. Usibadilishe vyote siku moja. Anza na beking pauda peke yake, oka, angalia, alafu ndo uje kwenye sukari. Mimi nilibadilisha vyote pamoja mara ya kwanza nikapata keki kavu kama mkate na sikujua nimlaumu nani kati ya wote.

Kuna watu wananiambia si uache tu beking pauda kabisa. Inawezekana, na hapa ndo nataka niongelee mkate wa mayai, maana naupenda kuliko keki yoyote ya krimu. Mkate wa mayai hauna siagi wala beking pauda. Mayai 6, sukari kikombe, unga kikombe uliochekechwa, iliki ya kutwanga sasa hivi, basi. Unaoinua ni upepo tu unaoingia kwenye mayai ukiyachapa na sukari. Shangazi alikuwa anatumia mchapo wa waya wa mkono, tunapokezana mabinti watatu, mkono ukichoka unampa mwenzio, mpaka yanakuwa meupe mazito ukiinua mchapo yanaanguka kama utepe na ule utepe unabaki juu unauona. Na hivyo ndivyo watu walivyokuwa wanaoka kabla beking pauda haijakuwepo, maana yenyewe ni ya 1843 tu, ilitengenezwa na mkemia wa Birmingham anaitwa Alfred Bird kwasababu mke wake hamira ilikuwa inamdhuru. Nikisomaga hiyo nafurahi, yani mtu alimtafutia mkewe kitu cha kula na dunia nzima ikala.

Mkate wa mayai nao Mbeya unataka adabu yake. Huku usiyachape mayai mpaka mwisho wa nguvu zake. Upepo uliomo ndani ni uleule unaovimba kupita kiasi ukiingia kwenye joto, kwahiyo mimi naishia pale utepe unapokaa kidogo alafu unazama. Ukizidisha unapanda kama mnara na unanywea ukipoa. Unga unauchanganya kwa mkono au mwiko mpana, unakunja kutoka chini kuja juu, taratibu, unga ukishapotea tu unaacha.

Sasa hamira. Hamira ni habari nyingine kabisa, na nilivyofika hapa ilinichanganya maana ilikuwa inaniambia kinyume cha keki.

Nilifika Mbeya mwezi wa sita. Kama hujawahi kufika Mbeya mwezi wa sita na wa saba ntakwambia tu kwamba usiku joto linashuka chini ya nyuzi 10, asubuhi ukiongea moshi unatoka mdomoni. Mimi nimetoka Tanga ambako ukikanda kinyunya cha skonzi ukakifunika na kitambaa, ukienda kuoga ukirudi kimeshajaa beseni. Hapa nikakanda saa mbili asubuhi, saa tano kipo vilevile kama jiwe. Nikakitupa nikijua hamira imekufa, nikanunua pakiti nyingine, nikakanda tena, hakikuumuka, nikakitupa tena. Mpaka leo nikiukumbuka ule unga naumia, maana hamira ilikuwa nzima kabisa, imelala tu.

Ndugu zangu hamira ni kiumbe hai. Ni vijidudu vidogo sana vinakula sukari na kutoa gesi, na kama kiumbe chochote vinapenda joto la kwao, nyuzi 27 mpaka 35 hivi viko na furaha, ukishuka chini vinapunguza mwendo, ukipita 55 kwenda 60 vinakufa. Kwahiyo kabla hujatupa unga wako, jaribu hamira kwanza. Chukua kikombe cha maji vuguvugu, ukitia kidole usisikie moto wala baridi, weka sukari kijiko kidogo na hamira, acha dakika 10. Ikitoa povu ni nzima. Na wengi mnaiua wenyewe kwa kuwahi, mnaona baridi mnatia maji ya moto ya chupa ya chai moja kwa moja, hapo hata ungefanyaje haifufuki.

Njia niliyoifuata mwanzo ilikuwa ni kuitafutia joto. Kinyunya naweka kwenye hotipoti kubwa lile la wali, nimelisuuza kwanza kwa maji ya moto na kulifuta, nafunga, saa moja na nusu kimejaa. Hotipoti inatunza joto la kinyunya chenyewe na la maji vuguvugu uliyokandia, haina haja ya umeme. Au naweka beseni ndani ya oveni iliyozimwa pamoja na sufuria ya maji yaliyochemka, nafunga mlango. Zote zinafanya kazi, ya hotipoti ni rahisi zaidi.

Lakini siku moja, Julai ya mwaka wa pili, nilikanda kinyunya usiku, hamira nikawa nayo kidogo sana kama robo ya kijiko kidogo imebaki kwenye pakiti, nikaona ntafanyaje, nikakanda hivohivo nikafunika nikaenda kulala nikiwa sina tumaini. Asubuhi saa kumi na mbili nimeamka kuwaandaa watoto, nafunua naona kimejaa, kina mapovu makubwa juu, kinanuka vizuri kama matunda. Nikaoka. Ule mkate ulikuwa na ladha ambayo sijawahi kuipata Tanga hata siku moja, ganda jekundu, ndani umetafunika, unakula mkavu bila siagi wala chai na unatosheka. Baadae nikaelewa kwamba baridi inachelewesha hamira ila kinyunya kikikaa muda mrefu kinatengeneza ladha nyingi ambazo za saa moja hazipo, mafundi wa mikate nchi za Ulaya wanaweka kinyunya kwenye friji makusudi kupata kitu hicho. Mimi friji yangu ni meza ya jikoni. Toka siku hiyo mwezi wa sita na wa saba sikimbizani na baridi tena. Unga nusu kilo, chumvi kijiko kidogo, sukari kijiko kikubwa, mafuta vijiko vikubwa 2, hamira robo ya kijiko kidogo, maji mpaka kilainike, nakanda dakika 10 saa tatu usiku, nafunika na sahani, nalala.

Ila ukija Oktoba na Novemba kabla mvua hazijaanza Mbeya kunapata joto, na hapo ile hewa nyepesi inarudi kudai chake, kinyunya kinaumuka upesi maana hakuna cha kukizuia. Mwaka wa kwanza nilikiacha saa moja kama desturi, kilikuwa kimeshaumuka kikapitiliza, nilivyokigusa kikanywea na mkate ukatoka umekaa bapa. Saa haikusaidii hapo. Weka unga kidogo kwenye kidole, bonyeza kinyunya, shimo likirudi upesi bado, likirudi taratibu na kubaki na alama kidogo weka kwenye oveni sasa hivi, lisiporudi kabisa umechelewa, kikande tena kidogo na ukipe muda mfupi.

Mkate wa kumimina nao niuongelee maana ndo mkate wetu wa pwani hasa na nilikuwa na wasiwasi nao kuliko vyote. Kwa asiyeujua, huu hautumii ngano. Unaloweka mchele usiku kucha, unausaga na tui zito, kasimele lile la kwanza, unatia hamira na iliki, unaacha uumuke, alafu unatia sukari na ute wa yai, unamimina kwenye sufuria ya moto iliyopakwa samli. Mchele hauna ule mnato wa ngano unaoshika gesi, ngano ukiikanda inatengeneza nyuzi nyuzi kama mpira, mchele hauna. Kwahiyo kila kitu kinategemea kusaga. Ukibaki na chenga hata kidogo gesi inapenya inapotea, mkate unakuwa mzito kama ubwabwa uliogandishwa. Saga, pumzisha blenda isiungue, saga tena, sugua tone kati ya vidole viwili mpaka usisikie chembe. Na ute wa yai sio pambo, ndo unaosaidia kushika vile vipovu pale ngano isipokuwepo.

Vikombe 2 vya mchele, tui zito kikombe 1 na nusu, sukari robo tatu ya kikombe, hamira kijiko kidogo 1, ute wa mayai 2. Ukimimina kwenye sufuria iache kwenye moto mdogo wa chini mpaka uone vitobo vinafunguka juu, dakika chache tu, ndo upalie juu. Ukipalia mapema uso unafunga vitobo havitoki, na mkate wa kumimina bila vitobo mimi siuhesabu.

Nazi Mbeya inatoka mbali, ni ghali, na nyingine ukiipasua imeshaoza, nimewahi kununua tatu nikapata nzuri moja. Lakini mchele jamani. Mchele wa Kyela. Tanga tulikuwa tunausikia kama kitu cha sikukuu, hapa mavuno yakiingia unaukuta sokoni kila kona, ukiuloweka tu jikoni kunanukia kabla hujawasha moto. Mkate wa kumimina wa mchele wa Kyela na iliki harufu zake hazishindani, zinashikana, sijui niseme vipi mpaka uonje. Unga huo nauweka kwenye hotipoti pia kuumuka, masaa mawili wakati wa baridi. Na uliwe siku hiyohiyo, usiweke friji, mchele ulioiva ukipata baridi unakauka unakuwa mgumu, kama ukilala basi asubuhi upashe kwenye mvuke.

Swali ambalo naulizwa kila wiki ni la mkaa. Watu wengi wanahamia gesi, na ni sawa, moshi umeumiza macho na vifua vya mama zetu miaka mingi, serikali nayo ina mkakati wake kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Mimi nyumbani mkaa umebaki wa siku mojamoja. Ila gesi haina makaa ya kupalia, na sio kila mtu ana oveni, na oveni ya umeme ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo saa nzima ni yuniti 2 za LUKU zimeondoka. Ninachofanya ni hiki, chuma kizito cha chapati nakiweka kwenye plate ya pili ya gesi kinapata moto sana, alafu nakihamishia juu ya mfuniko wa sufuria ya keki kwa koleo na kitambaa kinene, kikipoa nakirudisha kwenye moto, kila dakika 10 hivi. Ni kazi, lakini uso unapata rangi. Watoto wasiwe karibu.

Mkate wa ufuta wenyewe hauna shida kwenye gesi. Ule unaupika kwenye chuma, unanyunyiza maji upande wa chini ili unate, chini ukishashika unageuza chuma chote, uso wa mkate unatazama moto, haudondoki maana umenata, unauzungusha mpaka ufuta uwe na rangi ya dhahabu. Mara ya kwanza jirani yangu kuniona nageuza chuma kichwa chini juu ya moto alipiga kelele akijua mkate unaanguka. Sasa hivi anaupika yeye, Jumapili asubuhi nasikia harufu ya ufuta inakuja kutoka kwake.

Shangazi alikuja kututembelea mwaka jana, safari ya kuanzia Tanga mpaka hapa kwa basi na umri wake, alifika miguu imevimba na bado kesho yake saa mbili asubuhi nikamkuta jikoni ameshawasha jiko la mkaa. Nikamwambia shangazi pumzika oveni ipo, akasema anataka aone mwenyewe hiyo keki inayokimbia. Akapima vipimo vyake vya Tanga, vijiko viwili vya beking pauda, sikumzuia. Akapalia, akaweka kiganja, akahesabu, akatoa kaa moja. Tulikaa naye tunaongea. Alivyofunua mfuniko keki ilikuwa bakuli kama yangu ya 2017.

Aliitazama muda mrefu. Alafu akaniambia, “Hebu niitie namba ya mdogo wako.”

Mdogo wangu, binti yake wa mwisho, ameolewa Lushoto miaka sita sasa. Lushoto ni mkoa wetu wa Tanga lakini iko milimani kwenye Usambara, mita 1,400 hivi. Nikapiga nikamshikia simu sikioni maana mikono yake ilikuwa na unga.

“Mwanangu,” akasema, “ile keki yako ya Idi niliyokwambia huchanganyi vizuri. Ulichanganya vizuri. Chukua kalamu dada yako akupe vipimo.”